Maneno kumi na mawili: namna ya kutunza nakala ya pochi ya sarafu za kidijitali

Katika mafunzo ya vikundi vya kuweka na kukopa kuna swali ambalo zamani liliulizwa na vijana wachache, na sasa linaulizwa na wazazi wao pia. Kijana ametumiwa bitcoin na ndugu aliye nje ya nchi, au amelipwa hivyo kwa kazi aliyoifanya kwenye kompyuta, na fedha hiyo inasemekana "iko kwenye simu". Je, simu ikiibwa mnadani au ikitumbukia kisimani, itakuwaje? Somo la robo hii linajibu swali hilo tu. Halimshawishi mtu yeyote kununua sarafu hizo.

Kwanza tufahamu msimamo wa nchi. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa taarifa kwa umma kwamba sarafu hizi hazitambuliwi na sheria zetu, na kwamba fedha halali ni shilingi. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa nazo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Lakini kutozwa kodi si kulindwa. Bodi ya Bima ya Amana inalinda amana za benki, hailindi bitcoin. Kwa sababu hiyo naona hisa za kikundi zisiwekwe huko hata kidogo. Anayetaka kujaribu ajaribu kwa fedha yake mwenyewe.

Fedha haiko kwenye simu

Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 tumezoea jambo moja: laini ikipotea, unakwenda kwa kampuni ya simu na namba yako ya NIDA, unaweka kidole, unarudishiwa laini na salio lako lilelile. Hii inawezekana kwa sababu kampuni ina daftari lenye jina lako.

Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009, nayo ina daftari, ila nakala zake zimetawanyika katika kompyuta nyingi duniani, na hakuna ofisi inayolimiliki. Daftari hilo halijui jina lako wala kidole chako, linatambua ufunguo tu. Ile programu tunayoiita pochi inatunza ufunguo huo, na siku unapoifungua mara ya kwanza inakuonyesha maneno 12, pengine 24. Ufunguo wako unatokana na maneno hayo. Mwenye maneno anaweza kuifungua pochi katika simu nyingine yoyote, awe Kiomboi au Kanada. Asiye nayo, simu ikiharibika, hana wa kumpigia.

(Kama fedha yako iko kwenye akaunti ya soko la mtandaoni na hukuwahi kupewa maneno, basi ufunguo anao mwenye soko. Wateja wa FTX, lililoanguka Novemba 2022, walijua tofauti hiyo wakiwa wamechelewa.)

Kuandika

Katika pochi nyingi maneno hayo huchaguliwa kutoka orodha moja yenye maneno 2,048. Zipo orodha za Kihispania, Kifaransa, Kijapani na lugha nyingine kadhaa, lakini ya Kiswahili haimo. Kwa hiyo wengi wetu tutapewa ya Kiingereza, inayoanza na abandon na kuishia zoo. Hapa ndipo mtu anapokosea. Word na world yote mawili yamo katika orodha, na herufi moja ikipungua neno limekuwa jingine. Andika kwa herufi kubwa, weka namba 1 hadi 12, kisha mwambie nafsi yako herufi moja moja huku ukilinganisha na kioo cha simu. Mpangilio nao ni sehemu ya ufunguo. Usitafsiri.

Usipige picha ya maneno hayo. Picha za simu nyingi hupanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na mwenye kuipata barua pepe yako ameipata pochi. Usijitumie kwa WhatsApp. Usiiache simu kwa fundi pale stendi ikiwa na maneno hayo ndani.

Karatasi inafaa, lakini sisi wa Singida tunajua nyumba zetu. Mchwa hula cheti cha ubatizo na hati ya kiwanja bila kubagua, na paa la tembe huvuja. Andika kwa penseli, kwa kuwa haichujuki kama wino, weka ndani ya mfuko wa nailoni, kisha ndani ya kopo la bati lenye mfuniko. Fanya nakala mbili, na ya pili ikae nyumba nyingine, ili moto mmoja usizimalize zote. Mwenye kiasi kikubwa anaweza kugonga herufi kwenye bamba la chuma. Aazime vifaa kwa fundi vyuma, ila agonge mwenyewe.

James Howells wa Newport, Wales, alipoteza diski ya kompyuta yenye ufunguo wa bitcoin takribani 8,000 ilipotupwa jalalani mwaka 2013. Alihangaika na halmashauri ya mji huo miaka mingi aruhusiwe kulichimba jalala, na Januari 2025 mahakama ikaitupa kesi yake. Ufunguo ulikuwa mahali pamoja.

Sanduku la funguo tatu

Wanavikundi wengi, wakishaelewa hadi hapa, hutoa pendekezo lilelile: tuyagawe maneno mafungu matatu ya manne manne, kama kufuli tatu za sanduku la kikoba. Wazo ni zuri, lakini kwenye pochi halifanyi kazi, na inafaa kuelewa sababu.

Kwenye sanduku, mwenye funguo mbili bado amezuiwa kabisa na kufuli ya tatu. Kwenye maneno sivyo. Asiyejua neno lolote anakabiliwa na idadi ya michanganyiko yenye tarakimu 39, na hakuna kompyuta ya kuimaliza. Lakini aliyepata mafungu mawili, yaani maneno 8, amebakiza michanganyiko kama trilioni moja. Kwetu ni nyingi, ila kwa kompyuta zenye nguvu ni kazi inayowezekana. Na upande wa pili, fungu moja likiliwa na mchwa, wewe mwenyewe umefungiwa nje. Kufuli ya sanduku hukatwa kwa msumeno, hii haikatwi.

Zipo pochi zilizotengenezwa kwa saini nyingi. Watu watatu kila mmoja ana ufunguo wake kamili na maneno yake 12, na fedha hutoka wawili wakikubaliana. Mmoja akipoteza wake, wawili waliobaki wanaihamisha fedha kwenye pochi mpya. Huo ndio undugu wa kweli na sanduku letu, ila kuiandaa kunahitaji mtu anayeielewa vizuri, na pamoja na funguo ni lazima kutunza maelezo ya pochi yenyewe.

Kujaribu, na matapeli

Nakala ambayo haijajaribiwa usiitegemee. Weka kwanza kiasi kidogo, mfano cha soda mbili. Kisha ifute programu kwenye simu, iweke upya, na uirudishe pochi kwa kusoma maneno kwenye karatasi yako. Salio likionekana, karatasi ni sahihi. Programu ikiyakataa maneno, kuna kosa la kunakili, kwa sababu neno la mwisho limebeba alama ya ukaguzi inayogundua makosa mengi.

Tulishazoea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kwenye sarafu hizi tapeli hana haja ya kukuomba utume. Atajiita huduma kwa wateja, atasema pochi yako ina hitilafu, na ataomba maneno 12 "ili aihakiki". Hakuna mtoa huduma wa kweli anayeyahitaji.

Mwenye pochi akifariki

Hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Mtu akifa akiwa na akaunti ya benki, ndugu huteua msimamizi wa mirathi, mahakama humthibitisha, naye huenda benki na barua yake. Kwa pochi, hukumu ya mahakama haifungui kitu. Mjane anaweza kuwa na simu mkononi, barua ya mahakama mezani, na asipate hata senti.

Basi andika barua ya pili, isiyo na maneno yale. Itaje kwamba pochi ipo, inatumia programu gani, nakala zimehifadhiwa wapi, na nani anaaminika kusaidia kuifungua. Barua hiyo ikae pamoja na wosia na hati za shamba, na mwenzi wako ajue ilipo. Ukibadilisha programu au mahali pa kopo, ibadilishe na barua siku hiyohiyo.

Kwa mazungumzo ya kikundi: katika familia yako, ni nani anayejua leo namba ya siri ya akaunti yako ya simu, na je, huyo ndiye ambaye ungemwambia kopo liko wapi?