SOMO LA KAMBA YA WINCHI KWA MASHINE YA KUSAGA MITI



Kila mwenye shamba ajua taabu ya mkarafuu uliokufa kwa uzee. Kuukata si kazi. Kazi ni kuliondoa gogo. Ndipo mashine ya kusaga miti yenye winchi inapokuwa na faida: gogo huvutwa mpaka mdomoni mwa mashine bila ya kuvunja watu migongo, na vipande vyake hutandazwa shambani kuhifadhi unyevu. Walakini kamba ya winchi ikichaguliwa vibaya, au ikiachwa ovyo, yaweza kumpeleka mtu palepale linapokwenda gogo. Kwa hiyo twaona yatupasa kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo.

Kuchagua kamba

Waya wa chuma una nguvu, lakini ni mzito, hupata kutu kwa hewa yetu ya bahari, na nyuzi zake zilizokatika huchoma mikono. Ndiyo sababu siku hizi watu wengi hutumia kamba za kutengenezwa viwandani. Hizo nazo si namna moja.

Nailoni hunyumbuka sana. Sifa hiyo ni njema kwa kamba ya nanga, bali kwa winchi ni hatari, kwani ikikatika hurudi kwa kishindo na yaweza kumuua mtu. Polipropilini, ile kamba rahisi ya madukani, huharibiwa na jua na huyeyuka upesi kwa msuguano. Poliesta hainyumbuki sana, lakini huwa nene kwa nguvu ile ile. Iliyo bora kwa kazi hii ni kamba ya kusuka ya polithilini ya nguvu, ambayo namna yake moja huuzwa kwa jina la Dyneema. Ni nyepesi hata huelea majini, na hainyumbuki ila kidogo. Kwa unene wa milimita 8, kamba ya nailoni hukatika kwa tani moja na kidogo. Hii aghalabu hupita tani 4.

Hesabu yake ni hii: tazama nguvu ya winchi iliyoandikwa kwenye mashine, uizidishe mara 5. Winchi ya kilo 1000 yataka kamba isiyokatika chini ya kilo 5000. Msiseme magogo yetu ni madogo. Gogo likinasa katika kisiki, winchi huvuta kwa nguvu zake zote, na nguvu hizo huzidi duru za kamba zinapobaki chache. Basi usinunue kamba isiyokuwa na maandishi ya nguvu zake.

Kuifunga

Wahenga wamesema kamba hukatikia pembamba. Na pembamba pa kamba hii ni penye fundo. Fundo huondoa kama nusu ya nguvu za kamba ya kawaida, na hii, kwa kuwa inateleza, fundo lake laweza kufunguka lenyewe. Kitanzi chake hufanywa kwa kuuingiza mkia ndani ya tumbo la kamba yenyewe, urefu wa mara 72 ya unene wake. Kamba ya milimita 8 yataka mkia wa sentimita 58 usiopungua, kisha ushonwe kwa uzi usichomoke. Wenzetu wa vyombo wamezoea kuunga kamba za kusokotwa; hii ni njia nyingine, basi nao wajifunze kwanza kwa kipande kibovu.

Kabla ya kuiweka kamba mpya, pitisha kidole chenye glavu juu ya ngoma ya winchi na pale kamba inapopita. Palipokwaruzwa na waya wa zamani pasuguliwe kwa tupa mpaka pawe laini. Kamba izungushwe ikiwa imekazwa, na wakati wa kazi duru zinazobaki kwenye ngoma zisipungue 8. Isipite karibu na bomba la moshi: joto la maji ya moto tu, kabla hayajachemka, huipunguzia nguvu.

Nyuzi zikitoka manyoya kidogo si kitu. Lakini palipoganda na kung'aa kama nta iliyoyeyuka, au palipokatika nyuzi nyingi, pakatwe na kitanzi kifanywe upya.

Wakati wa kazi

Hapa ndipo tunapowasihi khasa. Mdomo wa mashine hauchagui baina ya tawi na kamba. Ncha ya kamba iliyolala chini ikinaswa na tawi linaloingia, mashine huivuta kamba kwa kasi asiyoweza mtu kuikimbia, na aliyezingwa nayo huvutwa pamoja nayo. Huko Marekani watu wamekwisha kufa kwa njia hii. Kwa hiyo:

1. Wakati wa kuvuta, mdomo wa mashine usiwe unakula kitu.
2. Gogo likifika, kamba ifunguliwe yote, pamoja na ile iliyozungushwa goginii. Kisha ncha irudishwe na kutiwa kulabu mahali pake. Ndipo mashine ilishwe.
3. Mtu asizungushe kamba mkononi, wala asisimame ndani ya pembe ya kamba iliyokazwa.
4. Asikaribie mashine aliyevaa kikoi, kanzu au nguo yoyote inayoning'inia.
5. Mmoja tu ndiye mwenye kuamrisha winchi, na awe anaiona kamba yote.

Vibarua wengi wanaoitumikia mashine ni vijana wetu wenyewe, na si wote watakaoliona gazeti hili. Basi tunamwomba kila mwanachama awasomee kanuni hizi tano kwa sauti kabla ya mashine kuwashwa, na asimruhusu kazini asiyeweza kuzirudia. Tahadhari kabla ya hatari.

Wassalaam,
Katibu