Zebaki, Figo na Lugha: Funzo la Utafiti wa 1972 kwa Garissa

Utangulizi

Mwaka 1972, jarida la tiba la British Medical Journal lilichapisha makala ya R. D. Barr na wenzake kuhusu maradhi ya figo miongoni mwa watu wazima jijini Nairobi. Nusu karne imepita, lakini matokeo yake yangali yanawahusu wakazi wa Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Makala haya yanalenga kueleza matokeo hayo kwa Kiswahili, kisha kuonyesha kwamba lugha nayo ni sehemu ya tiba.

Utafiti wa Nairobi

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, ambavyo huondoa taka katika damu na kuibakiza protini. Vichujio hivyo vikiharibika, protini huvuja: mkojo hutoa povu, uso na miguu huvimba. Barr na wenzake waliwachunguza wagonjwa 60 wa aina hiyo, na kubaini kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za ngozi zenye zebaki. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili. Hata hivyo, haiishii hapo. Hupenya hadi kwenye damu na kujikusanya katika figo. La kutia moyo ni kwamba baadhi ya walioacha krimu hizo walipata nafuu. Ni nadra chanzo cha maradhi ya figo kuwa kitu ambacho mtu anaweza kukitupa jalalani.

Kutoka Dadaab hadi Minnesota

Tangu 1991, kambi za Dadaab katika eneo la Garissa zimewapokea wakimbizi wengi kutoka Somalia, na baadhi yao wamehamia jimbo la Minnesota, Marekani. Huko, mwaka 2011, idara ya afya ilipima krimu 27 za kung'arisha ngozi na kupata zebaki katika 11. Mwaka 2013, Amira Adawe na Charles Oberg walichapisha utafiti kuhusu matumizi ya krimu hizo miongoni mwa Wasomali wa jimbo hilo. Kwa hiyo, tatizo lililoandikwa Nairobi liliandikwa tena ng'ambo, miongoni mwa watu wenye jamaa zao Garissa. Ikumbukwe pia kwamba Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni.

Vitenzi Vitatu

Mkataba hauwezi kumfaa asiyejua kilichomo katika kopo. Aghalabu neno zebaki halimo kwenye kibandiko. Huandikwa kwa majina ya kikemia, kama vile kalomeli, au halitajwi kabisa. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika, kwa kuwa kitendo kimoja kinatajwa kwa vitenzi vitatu. Muuzaji husema kung'arisha. Sitiari hii huifanya rangi ya asili ionekane kama uchafu au giza. Mkosoaji husema kujichubua, neno lenye ukweli wa kidonda, lakini pia lenye lawama. Mtumiaji mwenyewe husema kupaka tu.

Tofauti hii si ya kimtindo pekee. Mathalani, mama aliyevimba uso, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisomali, anafika kwa mhudumu asiyeijua lugha hiyo, nao wanakutana katika Kiswahili. Akiulizwa, "Mama, unajichubua?" yamkini atakana ili kuilinda heshima yake, na chanzo kitabaki kimefichika. Akiulizwa, "Mama, unapaka mafuta gani usoni? Waweza kutuletea kopo lake?" atajibu bila kuaibika, na krimu itaweza kusimamishwa mapema.

Hitimisho

Imebainika kwamba maarifa yaliyopatikana Nairobi yalihifadhiwa katika Kiingereza cha kitaalamu, mbali na wanaoyahitaji. Jukumu la wanafunzi wa Kiswahili, hususan walioko Garissa, ni kuandaa maelezo mafupi kwa ushirikiano na wazungumzaji wa Kisomali na wahudumu wa afya: zebaki ni nini, huitwaje kwenye kopo, na dalili za figo kuharibika ni zipi. Istilahi sahihi ni muhimu. Lakini swali lisilomwaibisha mgonjwa huenda likaziokoa figo zake.