SOMO LA INFORMATIKI: SWICHI INAYOSIKILIZA NA YULE ANAYEULIZA



Wengi mumeuliza: juu ya nini video ikitumwa kwa darasa moja, mashini za ofisi nazo zinaanza kukawia? Leo tujibu.

Swichi iko na milango mingi, na kila mlango una waya wa mashini moja. Kila paketi inabeba anwani mbili, ya mtumaji na ya mpokeaji. Swichi inajifunza kwa anwani ya mtumaji. Ikiona paketi imetoka mlango wa 3, inaandika: «Huyu anakaa mlango wa 3.» Barua yake ikija, itapelekwa pale tu.

Kuna namna tatu za kutuma:

1. Kwa mmoja: kama barua ya mwanafunzi fulani.
2. Kwa wote: kama kengele ya shule.
3. Kwa kikundi: kama kuita wanakwaya peke yao. Hiyo ndiyo multikasti. Anwani zake ni toka 224.0.0.0 mpaka 239.255.255.255.

Sasa shida iko wapi? Hakuna mtu anayetuma barua akijiita «Kwaya». Anwani ya kikundi haiwi ya mtumaji hata siku moja. Kwa hiyo swichi haiwezi kujua kikundi kinakaa mlango gani, nayo inapiga kengele: inatuma kwa milango yote.

Tufanye hesabu. Kamera 6 zinatuma kwa vikundi, kila moja megabiti 4 kwa sekunde. 6 × 4 = 24. Ofisi iko na mlango wa zamani wa megabiti 10. Hata kama pale hakuna anayetazama, mlango unajaa na barua za ofisi zinapotea.

Dawa yake ni IGMP, iliyoandikwa kwanza na Steve Deering katika mwaka 1986. Mashini inayotaka video inatangaza: «Mimi niko katika kikundi 239.1.1.1.» Ukiwasha IGMP-snupingi, swichi inasikiliza matangazo hayo, inaandika milango ya wale waliojitaja, na kuwapelekea wao tu. Anwani toka 224.0.0.0 mpaka 224.0.0.255 ziache ziende kwa wote, sababu ruta zinasemezana kwa hizo.

Angalieni sana, hapa ndipo wengi wanaanguka. Mashini inajitangaza wakati wa kuingia, halafu inanyamaza mpaka iulizwe tena. Lazima awepo mwulizaji, kama mwalimu anayeita majina kila asubuhi. Kwa desturi ni ruta, na anauliza kila sekunde 125. Kama hayupo, swichi inangoja sekunde 260 bila kusikia kitu, halafu inafuta jina. Video iliyokuwa inaenda vizuri inakatika kisha dakika 4 na sekunde 20.

Fundi anasema: «Swichi imeharibika!» Anazima snupingi, video inarudi, watu wanafurahi. Lakini kengele imerudi pia, na ofisi inakawia kama zamani. Kumbe swichi haikuwa na kosa. Ilikosa tu mtu wa kuuliza.

Basi, kama rezo yenu haina ruta ya multikasti, washeni kazi ya mwulizaji ndani ya swichi moja na kuipa anwani ya IP. Wakiwa waulizaji wawili, si neno: mwenye anwani ndogo anaendelea, mwingine ananyamaza.

Wazee walisema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hata swichi ni vile vile.

MAULIZO

1. Juu ya nini swichi haiwezi kujifunza anwani ya kikundi peke yake?
2. Kamera 9 za megabiti 4 zitajaza mlango wa megabiti 100? Onyesha hesabu.
3. Video imeanza saa 2 kamili, snupingi inawaka, mwulizaji hayupo. Itakatika saa ngapi?