Mwani ukichoka jua

Pale Paje, maji yakitoka, kamba za mwani hulala juani. Biashara yake tunaijua. Kemia yake, jamani, tunairuka. Mwanga ukizidi, seli za mwani huzalisha haidrojeni peroksaidi, ambayo ni sumu kwake. Kimeng'enya chenye vanadi huitumia sumu hiyo kuamsha bromaidi ya maji ya bahari (kama miligramu 65 kwa lita), nayo hunasa kwenye kaboni. Basi, umepata bromofomu, CHBr₃. Nyingine hubaki majini, nyingine hupanda hewani. Ni kidogo mno, ila bromini ikifika juu hula ozoni kuliko klorini.

Asparagopsis, mwani mwekundu mwingine, una bromofomu nyingi hadi ng'ombe akilishwa kidogo tu, methani anayocheua hupungua. Wengi wanashangilia. Mimi nauliza: mashamba yake yakitanda, gesi inayovuja itapimwa na nani?