Mahadhi Yaliyomwacha Mtunzi
Aghalabu mtafiti wa fasihi simulizi hukimbilia vijijini, ilhali viwanja vya kandanda navyo vina nyimbo zake. Mwaka 2003 kundi la The White Stripes la Detroit, Marekani, lilitoa "Seven Nation Army", wimbo wa roki. Ndivyo Jack White alivyodhani utotoni kuwa Jeshi la Wokovu huitwa. Oktoba mwaka huo mashabiki wa Club Brugge ya Ubelgiji waliuimba mjini Milan: mahadhi ya gitaa tu, maneno wakayaacha. Waitalia wakayadaka, yakavuma katika Kombe la Dunia la 2006. Hapo hadhira imegeuka fanani, na umilikaji umekuwa wa jumuiya. Sheria ingali inamtambua White. Waimbaji wengi hawamjui, naye amekiri kulifurahia hilo.