Mama akija Minnesota, mwekee Egesa kwanza

Katika familia nyingi za Kisii na Nyamira zilizohamia Minnesota, mtoto akizaliwa, nyanya huletwa. Mama anatoka Kebirigo au Ogembo kwa viza ya matembezi, anapokelewa kwa shangwe uwanja wa ndege wa Minneapolis, na wiki haijaisha wenye nyumba wamerudi kazini, mmoja zamu ya mchana, mwingine zamu ya usiku. Yeye anabaki na kichanga. Nje ni theluji, majirani hawajui, na runinga kubwa ukutani inabwata Kiingereza cha mbio kutwa nzima. Mwanamke aliyezoea kuamkia shambani na kusalimiana na kijiji kizima anaanza kunyamaza. Nimewaona wakinyamaza hivyo, nikaanza kuwafungia runinga ya nyumbani akina mama wa hapa Brooklyn Park na Brooklyn Center, kuanzia mama yangu mzazi. Naandika ninavyofanya ili nawe umfanyie wako.

Kifaa chenyewe kisikusumbue. Roku, Fire TV Stick ya Amazon, au kile cha Google, vyote vitafanya kazi hii. Kama runinga yako tayari ina YouTube ndani yake, usinunue kitu. Ukinunua kijiti, kichomeke kwenye tundu la HDMI, lakini umeme wake utoe ukutani kwa chaja yake, si kwenye tundu la USB la runinga, kwa maana mara nyingi umeme wa huko hautoshi na kijiti kitakuwa kikijizima na kujiwasha. Intaneti nayo haihitajiki nyingi: picha safi ya YouTube inataka takriban megabiti 5 kwa sekunde, na nyumba nyingi hapa zina zaidi ya hizo. Kinachokwamisha ni chumba. Mama mara nyingi hupewa chumba cha chini ya ardhi, na mawimbi yanamfikia yakiwa yamechoka. Wi-Fi yako ikiwa na majina mawili, muunganishe na ile ya GHz 2.4, ambayo hupenya kuta vizuri kuliko ya GHz 5.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vijana wengi huliacha mwisho, au hulisahau kabisa: redio. Wanamwekea mama chaneli mia, na bado anakaa kama mgeni. Mwekee Egesa FM kwanza. Ni ya Royal Media, wenye Citizen TV, nayo inazungumza Ekegusii asubuhi hadi usiku. Kiswahili mama anakielewa, habari za Nairobi anazifuata, lakini kusikia mtu akipiga simu studio kutoka Nyamarambe au Nyansiongo, akilalamikia barabara, akimsalimia shemeji, hilo halitolewi na kituo chochote cha Nairobi. Tena redio haidai macho. Anamnyonyesha mtoto chupa, anapika, anakunja nguo, na nyumba nzima inaongea lugha yake. Hata kichanga kinaisikia, na kwangu hiyo ni faida kubwa kuliko zote, kwa sababu watoto wetu wa Minnesota wanaikosa.

Kuiweka ni rahisi. Kwenye kijiti pakia programu mojawapo ya redio za intaneti, tafuta Egesa, uihifadhi mwanzoni kabisa mwa orodha ya vipendwa. Kama rimoti inamtatiza, chukua simu ya zamani isiyo na laini, iunganishe na Wi-Fi na spika ndogo, uiweke jikoni ikiwa imeshafunguliwa Egesa. Abonyeze kitufe kimoja tu.

Baada ya redio, YouTube. Citizen, NTV, KTN na KBC hurusha matangazo yao huko mubashara, bila malipo. Mfungulie mama akaunti yake mwenyewe, usimchanganye na ya watoto, maana siku mbili tu katuni zitakuwa zimefunika kila kitu. Jiandikishe kwa niaba yake kwenye vituo vinne au vitano, basi. Nami huongeza Hope Channel Kenya kwa ajili ya Sabato, kwani akina mama wetu wengi ni Waadventista, na vipindi vya Vioja Mahakamani kwa jioni ndefu za Januari.

Hakikisha ni kituo chenyewe. Msimu wa uchaguzi au wa vurugu, matapeli hufungua kurasa zenye nembo ya Citizen na kurusha video za zamani kama habari za leo. Tazama alama ya uthibitisho na idadi ya wafuasi kabla ya kumhifadhia mama.

Kisha mwandikie saa kwenye karatasi, uibandike kando ya runinga. Kenya haibadilishi saa, Minnesota hubadilisha Machi na Novemba. Taarifa ya Kiswahili ya saa moja jioni Kenya huingia huku saa nne asubuhi wakati wa baridi, saa tano wakati wa joto. Ile ya Kiingereza ya saa tatu usiku ni saa sita au saa saba mchana. Usimdharau mama ukadhani habari si zake. Mkulima wa Nyamira mwenye majani chai anataka kujua bonasi ya KTDA, shirika la wakulima wa chai, imetangazwa vipi mwaka huu, na anataka kuijua kabla hujamsimulia wewe.

Mweleze mapema pia kwamba picha inaweza kukatwa katikati. Kituo kikinunua tamthilia ya kigeni au mechi, kinanunua haki ya kuionyesha Kenya, si Marekani, kwa hiyo mtandaoni huweka tangazo au kioo cheusi hadi kipindi kiishe. Runinga haijaharibika. Shabana nayo, timu yetu ya soka iliyorudi Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2023 baada ya miaka 17, usiisake Citizen: haki za ligi zilikwenda kwa Azam ya Tanzania mwaka huo huo.

Hapo ndipo wauzaji wa masanduku ya runinga ya Android huingia. Utaambiwa lipa mara moja, upate chaneli zote za dunia. Nakusihi usikubali. Haki hizo hawana, na sanduku lenyewe linaweza kuwa mlango wa wezi: mwezi Juni 2025 FBI ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, programu hasidi iliyokutwa ndani ya masanduku ya Android ya bei nafuu, mengine yakiwa yameambukizwa kabla ya kufika dukani. Sanduku hilo linakaa kwenye Wi-Fi ile ile unayotumia kufungua benki.

Matangazo halali ya mtandaoni yana nguvu ambayo wengi hawaijui. Tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilipoagiza vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja, mawimbi ya NTV na KTN yalizimwa nyumbani hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo. Mtandaoni picha ziliendelea. Siku hiyo mimi wa Minnesota ndiye niliyempigia shangazi Keroka kumweleza yanayotokea Nairobi.

Limebaki la mazishi, na kwa hili runinga ya mama ina kazi nzito kuliko habari. Mama akifiwa na dada yake akiwa huku, nauli na viza mara nyingi havimruhusu kurudi. Mazishi ya saa tano asubuhi Nyamira ni saa nane usiku hapa, au saa tisa wakati wa joto. Watu hukusanyika nyumbani kwa mfiwa usiku huo, chai ipo, runinga imewashwa, mazishi yakirushwa mubashara kutoka nyumbani kwa simu. Ikikatika wakati mwili unateremshwa kaburini, uchungu huo hauelezeki.

Kwa hiyo pigia simu watu wa nyumbani mapema. YouTube haimruhusu anayerusha kwa simu kuanza mpaka awe na wafuasi 50, na kuwezeshwa kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua hadi saa 24, kwa hiyo akaunti iandaliwe kabla ya siku ya mazishi. Wawe na laini mbili za mitandao tofauti, kwa maana mabonde yetu humeza mawimbi, na wazijaribu palepale kaburi litakapochimbwa, si barabarani. Sauti itoke kwenye miksa ya vipaza sauti, kwani simu iliyo mbali hunasa upepo na vilio tu. Kiungo kiwe cha waliotumiwa peke yao, kwa heshima ya marehemu. Matangazo yasiyozidi saa 12 hubaki YouTube yenyewe yakiisha, ila mwambie kijana anayerusha asiyafute, nawe upakue nakala wiki hiyo hiyo. Mama ataomba kuyaona tena, mchana, akiwa peke yake na mtoto amelala.