Kilima cha Kalemie: jicho linafika wapi?

Wanafunzi wenzangu, sisi watu wa Misisi tukifika Kalemie tunakwenda sokoni, kisha tunarudi. Likizo iliyopita mimi nilipanda kilima kilicho juu ya bandari. Nilikuwa nangojea boti ya mama kutoka Baraka, imechelewa siku moja, na pale kwenye mchanga sikuona kitu.

Sababu yake ni hesabu. Dunia ni mviringo, hata maji ya ziwa yanapinda. Pima kimo cha jicho lako juu ya maji kwa metri. Tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inatoa kimo hicho, kisha izidishe kwa 3,6. Utapata kilometri. Metri 2 zinatoa 5 tu. Metri 100 zinatoa 36! Milima ya Mahale, ng'ambo, ukiwa chini huioni yote, miguu imezama nyuma ya maji.

Njo maana tarehe 26 Desemba 1915 kuona mapema kulikuwa na faida. Kingani, meli ya Wadachi, ilikuja kupeleleza. Wangereza walikuwa na mashua mbili ndogo hapa, Mimi na Toutou, zilizoletwa kutoka Afrika ya Kusini kwa reli na kwa kukokotwa porini. Waliiacha ipite, wakaifuata nyuma, sababu mzinga wake ulipiga mbele tu. Ilitekwa kwa dakika chache, watu wakitazama kutoka nchi kavu.

Saa tisa niliona doa upande wa kaskazini. Ilikuwa boti nyingine. Ya mama ilifika usiku, imejaa watu kupita kipimo, nami nilikuwa nimekwisha kushuka.